Suti Kavu kwa Maji ya Mei

Mwezi wa Mei umeingia, na hapa Grand Rapids watu wameanza kutoa mbao zao za maji gereji. Nazungumzia zile mbao pana ambazo mtu husimama juu yake akapiga kafi. Vijana wetu wameupenda mchezo huu, hasa tangu zilipokuja mbao za kujazwa upepo, zile unazozikunja zikaingia kwenye begi na kubebwa mgongoni. Mimi pia naupenda, na sitaki mtu auache. Leo nataka tuzungumze juu ya nguo moja tu inayohusiana nao: suti kavu, ile inayomfunika mtu kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu ili maji yasimguse.

Nianze na ziwa lenyewe, maana ukilijua ziwa, habari ya suti utaielewa bila kubembelezwa. Ziwa Michigan lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 58,000, na mahali penye kina kirefu zaidi ni mita 281. Maji mengi kiasi hicho hayapati moto upesi. Mwanzoni mwa Mei, mchana wa pale Grand Haven hewa inaweza kufika nyuzi 22 za Selsiasi. Watoto wako ufukweni na kaptula wanakula aiskrimu, na maji yaliyo mbele yao yana nyuzi 7 au 8. Januari hakuna anayedanganyika, kwa sababu barafu anaiona kwa macho yake. Mei ndiyo inayodanganya, kwa jua lake.

Wengi wetu tumetoka kando ya maji. Wapo wa Uvira, wa Baraka, wa Kalemie, wapo wa Bujumbura na waliopitia Kigoma. Ziwa Tanganyika, maji yake ya juu yako kwenye nyuzi 24 hadi 27 hivi karibu mwaka mzima. Kule mtoto anajua kuogelea kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana kijana mmoja nilipomuuliza atavaa nini akienda Grand Haven, alinijibu, "Mzee, mimi nimezaliwa ziwani." Sina shaka hata kidogo na kuogelea kwake. Lakini kuogelea huko alikujua katika maji ambayo hayajawahi kumkata pumzi, na ya hapa yanakata.

Yanakata namna gani? Yuko mtafiti wa Kanada, Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye kwa miaka mingi amechunguza mwili wa binadamu katika baridi, na mwenyewe ameingia katika maji ya barafu kwa ajili ya kazi hiyo. Amefundisha kanuni nyepesi kushika: moja, kumi, moja. Dakika 1, dakika 10, saa 1. Tafadhali ishike, na watoto wafundishe.

Dakika 1 ya kwanza ni ya pumzi. Ngozi ikiguswa ghafla na maji baridi, kifua huvuta pumzi chenyewe, pumzi kubwa ambayo hukuiamuru, kisha unahema mbio mbio. Kama mdomo uko chini ya maji wakati ule, unachovuta ni maji. Moyo unakwenda kasi, presha inapanda, na mwenye moyo mgonjwa anaweza kuishia hapo hapo. Dakika 10 zinazofuata ni za misuli. Damu inaikimbia mikono na miguu, vidole vinakuwa vigumu, unaiona kamba ya ubao iko karibu na mkono wako na huwezi kuishika. Saa 1 ni muda ambao mwili hupoa ndani mpaka fahamu kupotea. Watu wengi wanafikiri kifo cha maji baridi kinatokea katika saa ile. Ukweli ni kwamba wengi wanaozama katika maji baridi hawafiki huko. Wanamalizika katika zile dakika za mwanzo, ubao uko pale, ufuko unaonekana, na waogeleaji hodari wamo miongoni mwao.

Kwa mtu wa ubao jambo hili ni zito kuliko kwa mtu wa kayaki. Mwenye kayaki ameketi, nusu ya mwili iko ndani ya chombo. Wewe umesimama. Ukianguka, unaanguka kwa urefu wako wote na mara nyingi kichwa kinazama, yaani ile pumzi ya ghafla inakukuta chini ya maji. Halafu lazima urudi juu: ushike mpini ulio katikati ya ubao, upige miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, ujivute kwa tumbo. Usipoweza kufanya hivyo mara ya kwanza au ya pili, nguvu ya kufanya mara ya tatu haitakuwepo. Na jambo jingine, muda mwingi hauko majini kabisa. Uko juu, unafanya kazi, unatoka jasho. Basi tunatafuta nguo itakayomkinga mtu anayeanguka mzima mzima, isiyomzuia kupanda, na isiyompika akiwa amesimama. Suti nyingi zilizotundikwa madukani zinatimiza moja au mawili kati ya hayo.

Wengine mtaniuliza kuhusu suti ya mpira, ile nyeusi ya wapiga mbizi na wacheza mawimbi. Ile huingiza maji kidogo, mwili ukayapasha moto. Ni nguo nzuri kwa anayeshinda majini. Lakini kwa nyuzi 7 utahitaji mpira mnene, milimita 5 hivi, na mpira mnene unabana mabega kila unapopeleka kafi mbele. Ukishaanguka ukasimama tena na upepo wa ziwa ukakupiga huku umelowa, unatetemeka. Wako watu wanaoitumia na wanarudi salama karibu na ufuko. Mimi kwa Mei ya Ziwa Michigan nachagua suti kavu, na sababu kubwa ni kwamba inapunguza sana lile pigo la dakika ya kwanza, kwa kuwa maji hayafiki kwenye kifua.

Sasa tuingie dukani. Muuzaji atakuonyesha rangi na mifuko. Wewe anza na shingo.

Shingo ndiyo mlango mkubwa wa maji, na ndiyo sehemu inayowafanya watu waiache suti nyumbani. Kuna ukosi wa lateksi, mpira mwembamba unaovutika kama puto, unaokumbatia ngozi pande zote. Huo hauachi nafasi. Kuna ukosi wa neoprini, kitambaa kinene cha mpira, laini zaidi shingoni, lakini ukizama kabisa hupitisha maji kidogo. Na kuna wa silikoni, ambao kwenye suti zilizotengenezwa kwa pete maalumu unaweza kuubadilisha mwenyewe nyumbani ukichanika, na unawafaa wale ambao lateksi inawawasha ngozi. Ushauri wangu: anayekwenda mbali na ufuko achukue lateksi au silikoni. Anayebaki mahali anapoweza kusimama kwa miguu, neoprini inatosha.

Lateksi mpya inakaba. Siku ya kwanza utaona kama mtu amekushika koo, na watu wengi huirudisha dukani siku hiyo hiyo. Msiirudishe haraka. Ukosi huo unavalishwa sufuria au mpira wa kuchezea wenye upana kama wa shingo yako, ukaachwa usiku kucha ukalegea. Ukibaki unabana, unapunguzwa kwa mkasi mkali, ukanda mwembamba mmoja, ukajaribu, kisha mwingine. Nyingi zina mistari ya kufuata. Ukikata kwa papara ukaacha jino, mchaniko utaanzia pale. Ukosi uliokaa sawasawa unausikia lakini unameza mate bila taabu na uso haujai damu. Vifundo vya mikono navyo vina mipira yake, na kanuni ni hiyo hiyo. Vua saa na bangili kabla ya kuingiza mkono.

Baada ya shingo, tazama miguu. Chagua suti yenye soksi zake zilizoshonewa humo humo, za kitambaa kile kile kisichopitisha maji. Zipo zinazoishia kwenye kifundo cha mguu kwa mpira, zina bei nafuu, lakini nyayo zako zitakaa kwenye maji baridi yanayopanda juu ya ubao, na mguu uliokufa ganzi haujui kusimama. Ndani ya soksi hizo vaa soksi za sufu, nje vaa viatu vyepesi vya neoprini vyenye soli nyembamba ili uusikie ubao. Ukinunua viatu, nenda na hizo soksi zote mbili, ongeza namba moja au zaidi.

Kitambaa ni suala la jasho. Suti za bei ya chini nyingi ni nailoni iliyopakwa plastiki. Maji hayaingii, na jasho halitoki. Za bei kubwa zina utando katikati ya vitambaa viwili, Gore-Tex na wenzake, unaozuia maji huku ukiachia mvuke wa mwili utoke. Hapa mtu wa ubao asibane mkono kama uwezo upo, kwa sababu baada ya saa moja ya kupiga kafi ndani ya nailoni ya plastiki, nguo za ndani zimelowa kwa jasho lako mwenyewe. Ukianguka ukiwa hivyo, unapoa haraka ingawa suti haikuvuja hata tone.

Ndiyo, unapoa, kwa maana suti kavu yenyewe haina joto. Chupa ya chai haichemshi chai. Inalinda joto la chai uliyoitia. Joto la suti ni lile la nguo unazovaa ndani: sufu nyembamba au sintetiki kwenye ngozi, na juu yake flisi kadiri ya maji yalivyo. Pamba usiiguse. Fulana ya pamba na suruali ya jinzi zikipata jasho zinakaa na ubaridi mwilini. Na usivae kwa kutazama jua. Tazama nyuzi za maji, ndizo zikuchagulie. Ukisikia joto juu ya ubao, piga goti, chota maji ujimwagie mabegani, utapoa.

Kuhusu umbo la suti, usijitazame kwenye kioo. Fanya haya ukiwa dukani, na nguo zako za ndani ukiwa umezivaa: chuchumaa mpaka chini, inua mikono yote juu kama umeshika kafi, jikumbatie mabegani, piga magoti kisha simama bila kushika kitu. Ikikuvuta kwenye kinena au mgongoni, ni ndogo. Ikiwa na kitambaa kingi kinachoning'inia kiunoni na mapajani, ni kubwa, na kitambaa hicho kitabeba hewa na kukokota maji wakati unapojivuta kurudi juu ya ubao. Suti nyingi zimekatwa kwa ajili ya mtu aliyeketi kwenye kayaki. Zipo zilizokatwa kwa mtu wa kusimama, nyembamba zaidi, nyepesi mabegani. Uliza hizo.

Zipu nitaitaja kwa upesi, ila msiipuuze. Chagua ya mbele, inayokatiza kifuani, ili ujifunge mwenyewe bila kumtafuta jirani. Ifunge mpaka mwisho kabisa, halafu ivute tena. Milimita chache zilizobaki wazi ndizo zinazowalowesha watu wengi, wakaenda kulalamika kwamba suti inavuja. Za chuma hupakwa nta, za plastiki hupakwa grisi yake pale mwisho zinapojifungia. Na akina mama, na akina baba pia, nunueni suti yenye zipu ya haja. Nimeona watu wakikataa kunywa maji tangu asubuhi ili wasihangaike na suti, kisha wanapiga kafi mchana kutwa wakiwa na kiu. Baridi nayo humwongezea mtu mkojo. Kwa wanawake kuna suti zinazofunguka nyuma, na zinafanya kazi vizuri.

Rangi iwe ya kuonekana: machungwa, manjano, nyekundu. Suti nyeusi kwenye maji ya ziwa haionekani na mtu wa boti.

Najua bei. Suti ya namna hii huanzia dola mia kadhaa, na zile za utando mzuri zinapita 1,000. Kwa familia iliyofika juzi hiyo ni kodi ya nyumba. Kwa hiyo nazungumzia na za mitumba bila aibu yoyote, na napenda mjue kuzikagua. Vuta mpira wa shingo na wa mikono polepole mbele ya mwanga. Ukiona mistari midogo midogo ya kupasuka, au mpira unanata kwenye vidole, umekufa na utabadilishwa. Mipira hubadilishwa, hilo si tatizo, ila lipunguze bei. Zipu ndiyo yenye gharama, basi ifungue na kuifunga, utazame kama meno yote yapo. Kisha igeuze ndani nje, ziba mikono kwa chupa, ziba shingo kwa mpira wa kuchezea, tia hewa kidogo kwa pampu ya ubao, pakaza maji ya sabuni kwenye mishono. Patakapotoka mapovu ndipo penye tundu. Muuzaji anayekataa suti yake ijaribiwe hivyo, mwachie suti yake.

Ukishaipata, iheshimu. Lateksi inaliwa na jua, na mafuta mengi ya kujikinga na jua, na dawa za kufukuza mbu. Isuuze kwa maji safi, ianike kivulini, paka mipira poda kabla ya kuihifadhi.

Kisha ijaribu. Nenda na mwenzako mahali maji yanapofika kifuani, ufukweni, siku isiyo na upepo. Kabla ya kuingia, toa hewa: funga kila kitu, chuchumaa, kumbatia magoti, penyeza kidole shingoni uachie hewa itoke, kisha simama. Hewa iliyobaki miguuni inakuinua nyayo na kukuvuruga. Ingia, jiangushe, panda ubao, jiangushe tena. Ukitoka, vua na utazame ni wapi pamelowa. Wapo wanaoogopa kwamba suti ikichanika itajaa maji na kumvuta mtu chini. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha. Yatakupoza, na yatakulemea unapotaka kupanda ubao. Kinachokuweka juu ni jaketi la kuokoa maisha, na hilo linavaliwa juu ya suti, sio kufungwa kwenye ubao. Walinzi wa Pwani wa Marekani waliamua tangu Oktoba 2008 kwamba ubao huu, ukitoka nje ya eneo la kuogelea na la mawimbi, ni chombo cha majini. Kuwa na jaketi ni sheria.

Na kamba ya ubao. Ziwani, kamba iliyofungwa mguuni ni rafiki, kwa sababu upepo ukiuchukua ubao hutaufikia kwa kuogelea. Mtoni ni habari nyingine. Tarehe 30 Oktoba 2021, kwenye mto Cleddau pale Haverfordwest, Wales, kundi la watu wa mbao lilipitia juu ya banio wakati mto umefurika, na watu 4 walifariki. Uchunguzi ulitaja kamba za mguuni miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari, maana kwenye maji yanayokimbia kamba hiyo hunasa na mtu hawezi kuinama kuifungua. Mtoni hutumika ya kiunoni, ya kufunguka kwa kuvuta mara moja. Sisi tuna Grand River inayopita katikati ya mji, na banio lake pale Sixth Street. Mkae mbali na pale, na suti kavu isiwape ujasiri.

Watoto sitawanunulia suti kwa ajili ya Mei. Wanakua upesi, mipira ya shingo zao lazima iwatoshe sawasawa, na hawawezi kukuambia mapema kwamba vidole vimekufa. Wasubiri kiangazi.

Na kiangazi chenyewe kina hila zake. Upepo wa kaskazini ukivuma siku kadhaa upande wetu huu wa mashariki ya ziwa, maji ya juu yaliyopata moto husukumwa kuelekea katikati, na ya chini, ya baridi, yanapanda kuchukua nafasi. Ufuko uliokuwa na nyuzi 20 juzi unaweza kuwa na 10 leo, na jua linawaka vile vile. Kwa hiyo hata Julai, kabla ya kupakia ubao kwenye gari, fungua taarifa za National Weather Service, soma nyuzi za maji za siku hiyo na upepo unatoka wapi. Acha neno nyumbani unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, shingoni au kwenye jaketi, na namba ni 911.

Kwa ambao suti haijapatikana mwaka huu, ombi langu ni hili: maji yakiwa chini ya nyuzi 15, ubao ubaki nyumbani. Reeds Lake, hapa hapa East Grand Rapids, ni ziwa dogo na linapata moto mapema kuliko Ziwa Michigan. Anzeni hapo mwezi wa Juni mwishoni, na jaketi mwilini.